Kuku Wanapoanza Kufa: Namna ya Kuchunguza Ugonjwa Bandani Kabla ya Kukimbilia Dawa

Mwaka wangu wa pili wa kufuga kuku wa mayai hapa Kiromo, niliingia bandani alfajiri nikakuta sita wamekufa. Wengine walikuwa wamejikunyata, mbawa zimeshuka, na kinyesi cha kijani kimetapakaa kwenye maranda. Sikuandika chochote wala sikumpigia mtu simu. Nilipanda bodaboda mpaka duka la dawa za mifugo, nikaeleza kwa maneno mawili matatu, nikapewa paketi ya antibayotiki, nikaichanganya kwenye maji ya kunywa. Siku ya nne nilikuwa nimezika zaidi ya nusu ya kuku wangu.

Ulikuwa mdondo, ambao wengine tunauita kideri. Ni ugonjwa wa kirusi, na hakuna antibayotiki inayoua kirusi. Lakini linaloniuma mpaka leo si kuku. Katika siku zile nne, wale waliokuwa bado wanataga waliendelea kutaga, nami nikaendelea kuuza. Trei zangu zilikwenda kwa mama lishe mjini Bagamoyo, mayai yana mabaki ya dawa ndani yake, na watu wakala chipsi mayai bila kujua.

Tangu hapo nimejifunza kuuliza maswali mawili kila kuku wanapoumwa: nini kinawaua, na nini kinaweza kumfikia mlaji? Wafugaji wengi tunadhani ni swali moja. Mdondo unaweza kufagia banda zima, na anayekula nyama iliyopikwa asidhurike. Bakteria wa salmonela ya aina ya Enteritidis, kwa upande mwingine, hukaa ndani ya kuku mnene, mwenye kilemba chekundu, anayetaga kila siku, kisha wakapita kwenye yai na kumlaza mtu. Ukiwachunguza wanaokufa tu, hao hutawaona. Mwongozo huu unafuata maswali yote mawili.

Daftari lianze kuku wakiwa wazima

Huwezi kujua kilichoharibika kama hukujua hali ilivyokuwa. Chukua daftari la kawaida, lifunge kwa kamba mlangoni mwa banda, na kila jioni andika: idadi ya kuku, waliokufa, kilo za chakula walizokula, lita za maji, mayai, na lolote lisilo la kawaida, hata kama ni fundi tu aliyekuja kurekebisha bati.

Kuku wa mayai aliyekomaa hula gramu 110 hadi 120 kwa siku. Kwa hiyo kuku 300 wanatakiwa kumaliza kilo 33 hadi 36. Maji huwa kama mara mbili ya uzito wa chakula, na hupanda sana kwenye joto. Hesabu hizi mbili zitakuonya mapema kuliko mzoga wowote, kwa sababu kuku huacha kula kabla hajaanza kufa.

Huku kwetu pwani zinasaidia pia kutenganisha ugonjwa na joto. Kuku hana tezi za jasho. Anajipoza kwa kuhema mdomo wazi. Januari na Februari, kaskazi likipungua mchana na bati likiwaka, utaona kuku wote wanahema na mayai yanapungua. Tazama daftari: chakula kikishuka huku maji yakipanda, anza kushuku joto. Vyote viwili vikishuka pamoja, anza kushuku ugonjwa. Kanuni hii hukosea mara nyingine, lakini imewahi kuniokoa nisimwite daktari kwa tatizo lililohitaji makuti tu juu ya bati.

Siku ya kwanza: funga geti, acha kuuza, toa taarifa

Simamisha mauzo ya kuku na mayai siku hiyo hiyo. Tenga wanaoumwa. Weka chombo chenye dawa ya kuua vijidudu mlangoni, na uwe na viatu vya banda hilo peke yake. Hudumia vifaranga kwanza, kisha wakubwa wazima, wagonjwa mwisho. Usimruhusu mtu wa kununua kuku aingie, hata akiwa shemeji yako. Yeye ametoka kwenye mabanda mengine manne asubuhi hiyo.

Halafu mpigie afisa mifugo wa kata, naye atamfikia daktari wa mifugo wa halmashauri. Hiyo si hisani unayofanya. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inakutaka utoe taarifa ya magonjwa ya kuambukiza yaliyotajwa. Najua kwa nini wengi tunaficha: tunaogopa jina la banda kuharibika na wateja kukimbia. Lakini mdondo ukianza Kiromo ukafichwa, wiki ijayo uko Zinga na Kerege, na wa kienyeji wa bibi asiye na hata shilingi ya chanjo ndio wanaomalizika.

Kuna hali moja ambayo hupaswi kugusa kitu. Kuku wengi wakifa ghafla ndani ya siku moja au mbili, vilemba na mashavu yamekuwa ya bluu, vichwa vimevimba, au ndege wa porini na bata nao wanakufa, chukulia kuwa huenda ni mafua makali ya ndege mpaka mtaalamu aseme vinginevyo. Usipasue, usinyonyoe, usile, usisafirishe. Virusi vya H5N1 viliwapata watu 18 kule Hong Kong mwaka 1997, sita wakafariki. Funga banda, ziba pua na mdomo, nawa, na usubiri wataalamu.

Usiweke dawa kwanza

Hili nimelipa nafasi yake kwa sababu ndilo ninaloliona likivunjwa kila wiki. Ukitia antibayotiki kabla ya kuchukua sampuli, bakteria waliosababisha ugonjwa wanaweza wasiote tena maabara, na jibu litarudi tupu. Swali la kwanza nililoulizwa siku nilipopeleka kuku maabara lilikuwa hili: "Dada, mmeshawapa dawa gani?" Kama umeshawapa, sema ukweli, taja dawa na siku uliyoanza. Hawatakugombeza, na watajua namna ya kulisoma jibu.

Vitamini na maji safi yasiyo moto unaweza kuwapa.

Tafuta historia, na uulize umri

Kaa chini na mtu anayehudumia banda. Kama ni kijana uliyemwajiri, zungumza naye kwa upole, kwa sababu yeye ndiye anayejua mambo na yeye ndiye anayeogopa kulaumiwa. Muulize: "Mwanangu, wiki mbili hizi nani ameingia humu? Tumefungua gunia jipya lini? Chanjo ya mwisho uliweka saa ngapi, na kwa maji gani?" Wiki mbili nazitaja kwa makusudi: mdondo huchukua siku 2 hadi 15 tangu kuku aambukizwe mpaka aonyeshe dalili, mara nyingi siku tano au sita. Kilicholeta ugonjwa kiko nyuma, si leo.

Swali la maji ya chanjo lina uzito. Chanjo hai inayowekwa kwenye maji huuawa na klorini. Ukitumia maji ya bomba yaliyotiwa dawa, au chombo kilichooshwa kwa sabuni ya unga kisisuuzwe vizuri, utakuwa umewanywesha kuku maji matupu, na daftari litasema wamechanjwa.

Umri nao unapunguza orodha ya washukiwa. Vifaranga wa wiki ya kwanza au ya pili wenye mharo mweupe ulioganda nyuma, fikiria pulorumu. Wa wiki tatu hadi sita wanaotetemeka, wamechafuka nyuma, na vifo vinapanda kwa siku chache kisha vinashuka, fikiria gumboro. Kinyesi chenye damu kwa kuku wadogo walio kwenye maranda yaliyolowa ni koksidiosisi mara nyingi. Wakubwa wenye nyuso zilizovimba na ute wa puani unaonuka, mafua ya kuku ya kawaida. Vipele vikavu kwenye kilemba wakati wa mbu wengi, baada ya masika, ni ndui. Mdondo hauna umri.

Orodha hii ni ya kushuku tu. Gumboro huvunja kinga ya kifaranga, na kuku aliyeugua gumboro akapona anaweza kuchanjwa mdondo akafa kwa mdondo vilevile, kwa sababu mwili haukuweza kuipokea chanjo. Unaweza kukuta magonjwa mawili ndani ya banda moja.

Na kuna yale yasiyo ugonjwa. Visima vingi vya ukanda wetu vina maji ya chumvi, na kiangazi chumvi huzidi. Kuku akinywa maji hayo anaharisha majimaji, maranda yanalowa, na mfugaji anakimbilia dawa ya kuhara. Dagaa wa chakula cha kuku nao huja na chumvi na mchanga. Onja maji mwenyewe kabla hujalaumu vijidudu.

Linganisha walioumwa na wasioumwa

Hapa ndipo uchunguzi unapoanza kuwa utafiti, na hauhitaji kifaa chochote. Kosa letu ni kuwatazama wagonjwa tu. Wazima wana habari nyingi kuliko wao.

Kwanza amua "mgonjwa" ni yupi, uandike. Kwa mfano: kuku yeyote aliyekufa, au aliyejikunyata na kuharisha, kuanzia tarehe fulani. Usibadilishe maana hiyo katikati. Kisha hesabu kwa banda, kwa upande wa banda, kwa umri, kwa gunia la chakula, kwa chanzo cha maji.

Tuseme una mabanda mawili, kila moja kuku 200. La kwanza wameumwa 24, la pili 4. Yaani asilimia 12 dhidi ya asilimia 2. Hatari ya banda la kwanza ni mara sita. Sasa uliza: mabanda haya yanafanana katika nini, yanatofautiana katika nini? Kama wote wanakula gunia moja, chakula si mshukiwa wa kwanza. Kama la kwanza linapata maji ya kisima na la pili ya bomba, umepata pa kuchimba. Kama la kwanza liko karibu na njia ambayo kuku wa kienyeji wa majirani hupita, hapo pia.

Chora vifo vya kila siku kwenye karatasi, siku chini, idadi juu. Vifo vikiruka vyote siku moja kisha vikakoma, mara nyingi ni kitu kilicholiwa au kunywewa kwa pamoja: sumu, chakula kibovu, dawa iliyozidishwa. Vikianza kimoja, vitatu, tisa, kisha ishirini, ugonjwa unatembea kutoka kuku hadi kuku. Mama mmoja wa Zinga alinichorea mstari huo kwa kaa ukutani mwa stoo, na daktari alipoutazama alijua aanzie wapi kabla hajaingia bandani.

Sampuli: jinsi ya kuichukua isiharibike njiani

Maabara yetu ya karibu ni ya Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, Temeke, Dar es Salaam. Ukiwa upande wa Chalinze unaweza pia kufikiria Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Piga simu kwanza kupitia daktari wa halmashauri. Atakwambia wanataka nini na atakuandikia barua. Foleni ya Bunju na Tegeta ikikukamata saa sita mchana na mzoga usio na barafu, utafikisha kitu kilichooza.

Sampuli bora ni kuku wawili hadi wanne walio hai na wanaonyesha dalili wazi, wasiopewa dawa. Lakini kuku mgonjwa hapandishwi daladala pamoja na abiria na kuku wa wenzio. Safari hiyo ipangwe na mtaalamu, kwa gari lake au bajaji ya kukodi inayooshwa baadaye. Kama ni mizoga, chagua waliokufa ndani ya saa chache. Aliyekufa usiku ukamkuta saa tatu asubuhi kwenye joto letu hafai tena kwa mengi.

Kila mzoga uweke kwenye mfuko wa plastiki usiovuja, kisha mfuko wa pili, kisha kisanduku cha baridi chenye barafu. Usigandishe. Kuganda hupasua chembechembe za nyama, na anayezitazama kwa hadubini haoni tena ugonjwa bali uharibifu wa barafu. Andika kwa penseli au kalamu isiyofutika: tarehe, kata, banda, umri, namba ya kuku. Namba hiyo iwe ile ile iliyo daftarini.

Chakula kichukuliwe tofauti: mikono kadhaa kutoka magunia mbalimbali, juu, katikati na chini, uchanganye, upate kama kilo moja, uweke kwenye mfuko wa karatasi. Plastiki hushika unyevu na ukungu huendelea kukua humo, kisha kipimo kinakudanganya. Maji yawekwe kwenye chupa safi ya maabara, yakae baridi, yafike ndani ya siku moja. Damu, na ute wa koo au wa nyuma, aachiwe mtaalamu kuchukua.

Kupasua mzoga mwenyewe sikushauri mpaka ufundishwe, na kamwe si pale unaposhuku mafua ya ndege. Ukiwa na mtaalamu, tazama pamoja naye: damu kwenye misuli ya mapaja kwa gumboro, damu ndani ya vile vifuko viwili vya mwisho wa utumbo kwa koksidiosisi, ini lililovimba lenye rangi kama shaba kwa homa ya matumbo ya kuku. Inafundisha sana. Mizoga iliyobaki izikwe kwenye shimo la zaidi ya mita moja, mbali na kisima, ikifunikwa kwa chokaa. Isitupwe baharini wala mikokoni. Nimeona watu wakifanya hivyo na inanihuzunisha.

Upande wa mlaji

Sasa swali la pili. Vitu vinne ndivyo ninavyovitafuta, na vitatu kati yake haviui kuku.

Salmonela na kampilobakta, bakteria wanaoharisha watu, hukaa kwenye utumbo wa kuku mzima. Kwa hiyo usipime wanaokufa, pima banda. Njia rahisi inayotumika duniani ni kuvaa juu ya viatu soksi za kitambaa safi zilizoloweshwa, kutembea banda zima, kisha kupeleka soksi maabara kwenye baridi. Ukitaka kupima kuku mmoja mmoja, idadi ina maana: kama ugonjwa uko kwa asilimia 5 ya kundi kubwa, lazima upime kuku 59 ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kumpata walau mmoja. Kama uko kwa asilimia 20, wanatosha 14. Anayepima watatu akasema banda ni safi hajasema kitu.

Mabaki ya dawa hayahitaji maabara ili uanze, yanahitaji daftari. Kila dawa ina siku za kusubiri kabla ya kuuza yai au nyama, zimeandikwa kwenye karatasi yake. Soma. Zipo zinazosema kabisa zisitumike kwa kuku wanaotaga kwa ajili ya mlaji. Hizo usizitumie, hata muuza duka akikwambia wote wanazitumia. Na tatizo haliishii kwenye mabaki: bakteria wa bandani wanazoea dawa, na hao sugu huhamia kwa watu. Marekani ilipiga marufuku antibayotiki ya enrofloksasini kwa kuku mwaka 2005 kwa sababu ya kampilobakta waliokuwa sugu.

La nne ni sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, na hii hudhuru pande zote mbili. Mwaka 1960 kule Uingereza bata mzinga wapatao laki moja walikufa, hakuna aliyejua kwa nini. Uchunguzi ukafika kwenye mashudu ya karanga yenye ukungu, na hapo ndipo dunia ilipoitambua sumu hii. Kuku anayelishwa mahindi yenye ukungu hadumai tu. Kiasi kidogo hubaki kwenye ini na yai. Basi yale mahindi "ya kuku", yaliyokataliwa jikoni, yanaweza kurudi mezani kwa njia nyingine. Unyevunyevu wa pwani ni adui mkubwa: chakula kiinuliwe juu ya mbao, kisiegemee ukuta, na gunia lililolowa litupwe.

Kwa mama lishe na jikoni kwako: nyama ya kuku ifike nyuzi 74 katikati, na isibaki na wekundu wala maji ya damu mfupani. Kibao cha kukatia kuku kisikatie kachumbari.

Jibu likirudi

Lisome na daktari. Kama ni bakteria, uliza kama wamepima dawa ipi inawaua. Kipimo hicho kina thamani kuliko jina la ugonjwa peke yake. Kama jibu linasema hakuna kilichoonekana, maana yake hakikuonekana kwenye sampuli ile, si kwamba hakipo. Rudi kwenye daftari.

Ukitaka kuendelea mbele na kukusanya habari za wafugaji wengine kwa utafiti rasmi, kibali kinapitia Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, na ukiwahoji au kuwapima watu, kuna idhini ya maadili pia. Hata kwa mazungumzo ya kijijini, omba ruhusa na usitaje banda la mtu kwa jina. Anayeaibishwa mara moja hatakwambia tena kuku wake wakifa.

Banda lililopata gumboro litolewe maranda yote, lioshwe kwa sabuni kwanza ndipo dawa, liachwe wazi kwa wiki kadhaa. Kirusi hicho huishi miezi. Kwa mdondo, chanjo ya I-2 inayotengenezwa Kibaha huvumilia joto kuliko nyingine, tone moja jichoni, kila miezi mitatu. Tarehe yangu nimeipiga rangi mlangoni.

Mwezi uliopita kuku wangu walipata maambukizi ya bakteria, safari hii yakapimwa, nikatibu kwa dawa iliyopendekezwa. Nilimpigia yule mama lishe, nikamwambia trei zangu zitasimama mpaka siku za kusubiri ziishe. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa dada, nitachukua kwa jirani yako. Lakini naye mwambie aandike."